Pointi gadi wa junia koleji: tumpime kwa kipimo gani?

Kila mwezi Machi, mji wa Hutchinson katika jimbo la Kansas hupokea mashindano ya taifa ya mpira wa kikapu ya vyuo vya miaka miwili vya Marekani, vile viitwavyo junia koleji, na kila mwaka makocha wa vyuo vikubwa hukaa jukwaani wakimkodolea macho pointi gadi fulani, kijana mfupi, mwepesi wa miguu, anayeuendesha mchezo utadhani wachezaji wengine tisa wamefungwa kamba mkononi mwake. Wanajua kwamba wanachokiona ni kipaji. Wasichokijua ni kama kipaji hicho kitabaki vilevile siku kijana huyo atakapokutana na walinzi wa daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, na, Mungu akijalia, wa NBA, ligi kuu ya kulipwa. Hapo hukumu hugawanyika, na kwa maoni yangu hugawanyika vibaya, kwa sababu pande zote mbili hupima yale anayoyafanya mambo yanapomwendea sawa, ilhali daraja la juu litaanza kazi kwa kumnyang'anya hayohayo.

Pointi gadi ni mgumu kupimwa kuliko mchezaji wa nafasi nyingine yoyote. Mchezaji mrefu akihama huhama na urefu wake, na mpigaji hodari wa pointi tatu atakuta ringi iko mita 3.05 kutoka sakafuni popote aendako. Kazi ya pointi gadi, kwa upande mwingine, imo katikati yake na watu wengine: asisti haiandikwi mpaka mwenzake afunge, na pasi mbovu haihesabiki kuwa kosa mpaka apatikane mpinzani mwenye mikono mirefu ya kuifikia. Ndiyo maana takwimu alizozikusanya junia koleji ni nusu zake na nusu za mahali alipozikusanyia, na kuzitenganisha nusu hizo mbili ndiyo kazi nzima ya anayemhukumu.

Wenye shaka wana hoja nzito, na si haki kuzichukulia kuwa dharau. Wanasema kwamba katika junia koleji kijana mwenye kasi akishampita mlinzi wake, mara nyingi mbele yake kunabaki njia nyeupe hadi kwenye ringi, kwa kuwa msaada wa walinzi wengine huchelewa au haufiki kabisa. Katika daraja la kwanza msaada huo umekwisha kusimama kabla hajafika, tena umesimama kwa mtu mwenye mita 2.08 na mikono iliyonyooka juu, na pasi ya kwenda pembeni, ambayo juzi ilikuwa wazi, sasa ina mtu anayeisubiri. Wanaongeza suala la umri: mchezaji wa miaka 21 anayewatawala vijana wa miaka 18 hajathibitisha mengi. Wanaongeza pia umbo, kwa sababu upande wa ulinzi mtu mfupi hawezi kujificha. Kocha mpinzani atatumia skrini, yaani mchezaji anayesimama kumzibia mlinzi njia, moja baada ya nyingine mpaka amlazimishe kumkaba mtu anayemzidi kwa kichwa kizima. Hatimaye wanakumbusha hesabu. NBA ina timu 30, na timu moja haihitaji zaidi ya pointi gadi wawili au watatu, kwa hiyo majina machache tunayoyataja kwa fahari yametuficha mamia ya wengine ambao hakuna anayewataja.

Upande wa pili hujibu kwa majina hayohayo, nayo si madogo. Nate Archibald alipitia Arizona Western kabla ya kwenda Texas-El Paso, akachaguliwa katika raundi ya pili ya drafti ya 1970, zoezi la kila mwaka la timu za NBA kuchagua wachezaji wapya, na msimu wa 1972–73 akaongoza NBA kwa wastani wa pointi 34.0 kwa mchezo na papo hapo akaongoza kwa asisti 11.4. Mookie Blaylock alitoka Midland, Texas, akaingia Oklahoma, akacheza fainali ya NCAA ya 1988 na kuchaguliwa wa 12 mwaka uliofuata. Drafti ya 1993 peke yake iliwapokea wawili: Sam Cassell, aliyetoka San Jacinto kupitia Florida State, alichaguliwa wa 24, na Nick Van Exel, aliyetoka Trinity Valley kupitia Cincinnati, akachaguliwa wa 37. Wote wawili walikuja kuteuliwa katika mchezo wa nyota, Van Exel mwaka 1998 na Cassell mwaka 2004. Wanaowatetea vijana hawa husema kwamba makocha walichelewa kuwaamini, na kwamba mtu aliyesafiri kwa basi usiku kucha kwenda kucheza mbele ya viti vitupu ameshafundishwa ugumu ambao chuo kikubwa hakiwezi kuufundisha.

Naiheshimu hoja hii, lakini ina ufa ambao watetezi wake hawautazami. Majina mengi wanayoyataja ni ya miaka ya mwisho ya themanini na mwanzo wa tisini, na enzi hizo mlango wa junia koleji ulikuwa unapokea watu wengine kabisa. Mwaka 1986 NCAA ilianza kutekeleza kanuni iliyojulikana kama Proposition 48, iliyoweka kiwango cha chini cha alama za shule na mtihani wa taifa kwa mchezaji wa mwaka wa kwanza. Vijana wengi waliokuwa na uwezo kamili wa kucheza daraja la kwanza walikwama kwenye karatasi, si kwenye uwanja, na njia yao ikapita katika vyuo vya miaka miwili. Kwa hiyo ligi hizo zilikuwa na wachezaji ambao makocha wakubwa walikuwa wamekwisha kuwaona na kuwataka.

Siku hizi hali ni nyingine. Tangu 2021 mchezaji wa NCAA anaweza kuhama chuo mara moja bila kukaa nje msimu mzima, na tangu 2024 kikomo hicho cha mara moja kimeondolewa kwa mwenye maendeleo mazuri ya masomo. Kocha anayetafuta pointi gadi mzoefu hana tena haja ya kukisia. Anaweza kumchukua mtu wa miaka 22 kutoka chuo kidogo cha daraja lilelile, ambaye tayari ameonekana dhidi ya wapinzani wanaojulikana. Junia koleji zimebaki na waliochelewa kukua, waliotoka miji isiyopitiwa na makocha, na baadhi ya vijana wa kigeni au wakimbizi wanaotafuta pa kuanzia. Nuni Omot, aliyezaliwa Kenya, alipita Indian Hills huko Iowa kabla ya kufika Baylor, ingawa yeye si gadi. Kumfananisha kijana wa leo na Van Exel, basi, ni kumfananisha na mtu aliyepita mlango huohuo kwa sababu tofauti.

Kesi ninayoirudia kila mjadala huu unapoanza ni ya Pierre Jackson, kwa sababu ndani yake pande zote mbili zilikuwa na haki. Alikuwa na kimo cha takriban mita 1.78. Akiwa College of Southern Idaho alitwaa taji la taifa la junia koleji mwaka 2011 na kutajwa mchezaji bora wa mwaka, kisha akahamia Baylor. Wenye shaka walitaja kimo chake, naye msimu wa kwanza akawajibu kwa wastani wa pointi 13.8 huku timu yake ikifika robo fainali ya NCAA, ambako ilitolewa na Kentucky. Msimu wa pili aliongoza mkondo mzima wa Big 12, kundi la vyuo ambamo Baylor hucheza, kwa pointi, 19.8, na kwa asisti, 7.1, akafunga chuo kwa taji la NIT, mashindano ya vyuo visivyoingia katika yale makuu ya NCAA. Hadi hapo watetezi wana kila sababu ya kusimama na kupiga makofi.

Baada ya hapo ikaja drafti ya 2013. Alichaguliwa wa 42, akapelekwa ligi ya chini ya NBA, na Februari 2014 akafunga pointi 58 katika mchezo mmoja, rekodi ya ligi hiyo wakati ule. Julai mwaka uleule alichanika kano ya kisigino katika ligi ya majira ya joto. Michezo yake yote ya NBA ni 8, akiwa Dallas katika msimu wa 2016–17, ingawa aliendelea kucheza nje ya Marekani, pamoja na Maccabi Tel Aviv. Je, wenye shaka walikuwa sahihi? Kwa matokeo, ndiyo. Kwa sababu walizozitoa, sithubutu kusema hivyo, maana mtu anayetegemea mchomoko wa hatua ya kwanza akichanika kano hiyo, hatuwezi tena kujua kimo chake kingemfikisha wapi. Kesi yake inanifundisha kwamba «daraja la juu» si jambo moja. Swali la NCAA na swali la NBA yapaswa kuulizwa kila moja peke yake, na anayejibu yote mawili kwa neno moja atakuwa amekosea angalau moja.

Kwa swali la kwanza mimi niko upande wa watetezi, kwa masharti. Ushahidi wangu bora si mfungaji mkubwa bali ni Cassell alipofika Florida State. Pale alimkuta Charlie Ward, aliyekuwa pia mpigapasi mkuu wa timu ya mpira wa Kimarekani na mshindi wa tuzo ya Heisman ya 1993, ya mchezaji bora wa mchezo huo vyuoni, akiushika mpira wa kikapu kama pointi gadi. Cassell hakuudai mpira. Alicheza kando yake pamoja na Bob Sura, akafunga kutoka pembeni, na mwaka 1993 timu ikafika robo fainali ya taifa. Miezi michache baadaye alikuwa Houston, akitokea benchi nyuma ya Kenny Smith, na katika mchezo wa tatu wa fainali ya NBA ya 1994, ugenini New York, alipiga pointi tatu iliyowapa ushindi wa 93 kwa 89 zikiwa zimebaki sekunde zipatazo 33. Pointi gadi wa junia koleji karibu siku zote amezoea kuwa na mpira mkononi muda wote. Anayeweza kuwa na thamani dakika ambazo mpira uko kwa mwingine ana nafasi kubwa kuliko anayemzidi wastani wa pointi.

Jambo la pili ninalolitafuta ni mikono yake anapolinda. Blaylock akiwa Oklahoma alipokonya mipira 13 katika mchezo mmoja, tena mara mbili, na watu walidai kwamba ni matunda ya mfumo wa kukimbizana wa kocha wake. Alipofika NBA, mfumo ule haukuwepo, lakini aliongoza ligi kwa kupokonya misimu miwili mfululizo, 1996–97 na 1997–98. Kumsoma mpinzani kabla hajatoa pasi ni akili inayohama na mwenye nayo, wakati kumpita mtu mzito kwa kasi ni faida ambayo huisha mtu mzito asipokuwepo. Kwa hiyo nikipewa mikanda ya kijana yeyote, ningeuacha mchezo aliofunga 40 na kuutazama ule timu yake iliofungwa: mlinzi anapopita nyuma ya skrini na kumwachia nafasi ya kupiga, anapiga au anasita? Walinzi wawili wanapombana karibu na mstari wa kati, anautoa mpira mapema kwa mtu wa karibu, au anarusha pasi ndefu ya matumaini?

Kipimo hiki nacho kina mtu aliyekishinda, na ningekuwa mwongo nikimficha. Avery Johnson alianzia New Mexico Junior College, akamalizia Southern University, ambako msimu wa 1987–88 alikuwa na wastani wa asisti 13.3, rekodi ya NCAA. Hakuchaguliwa na timu yoyote katika drafti. Alikuwa mfupi, na mtupo wake wa mbali ulikuwa dhaifu kiasi kwamba walinzi walimwachia nafasi kwa makusudi, yaani lile swali langu la skrini lingemwangusha moja kwa moja. Alizungushwa timu baada ya timu kwa miaka, na Juni 1999, katika mchezo wa tano wa fainali huko New York, ndiye aliyepiga mtupo kutoka pembeni ulioipa San Antonio ushindi wa 78 kwa 77 na taji lake la kwanza. Siwezi kumfanya kuwa kanuni, kwa kuwa miaka kumi na moja ya uvumilivu wa aina ile haionekani kwenye mkanda wowote. Lakini ndiyo sababu kwa swali la NBA sisemi «hapana» hata pale ninapoona shaka kubwa; nasema uwezekano ni mdogo, na nasita kumwambia kijana aache.

Linalobaki ni muda, na hapa sheria inaanza kubadilika. Kwa miaka mingi aliyetoka junia koleji alipata misimu miwili tu ya daraja la kwanza. Desemba 2024 mahakama ya shirikisho huko Tennessee ilimruhusu Diego Pavia, mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa Vanderbilt aliyepitia chuo cha miaka miwili, kucheza mwaka mmoja zaidi, na NCAA ikatoa ruhusa kama hiyo kwa waliokuwa katika hali yake kwa msimu wa 2025–26. Wapo wanaolalamika kwamba wazee wanawazibia vijana nafasi, nao wana hoja. Hata hivyo, kwa nafasi hii naona ni haki, kwa sababu pointi gadi anapohama hujifunza upya sauti za wenzake, mahali kila mmoja anapopenda kupokea mpira, na kasi ya kocha mpya. Jackson wa msimu wa kwanza na Jackson wa msimu wa pili walitofautiana kwa pointi sita kwa mchezo, akiwa ndani ya jezi ileile. Kocha aliyemsajili mmoja wa vijana hawa na akamweka benchi kufikia Januari ya kwanza bado hajajua alichonunua; mimi ningeingoja Januari ya pili.