Panga njia kwa upepo, si kwa kilomita

Waendesha baiskeli na wakimbiaji wana lalamiko moja lisilokwisha: uende, urudi, upepo uko usoni. Wanaolisikia husema ni mawazo tu. Ukweli kidogo umo: mwaka 2016 wanasaikolojia Shai Davidai na Thomas Gilovich walichapisha utafiti kuhusu namna binadamu anavyokumbuka vizuizi kuliko misaada, na mfano wao ulikuwa huu huu wa upepo. Lakini kuishia hapo ni kumwonea mlalamikaji, kwa sababu hesabu iko upande wake.

Siku tulivu, baiskeli ikienda kilomita 25 kwa saa, uso unapigwa na hewa ya kasi hiyo hiyo. Uje upepo wa kilomita 10 mgongoni, kwa nguvu zile zile za miguu utafika 31 hivi, na usoni bado kuna hewa ya 21. Mgongoni husikii kitu. Mkimbiaji anayemaliza kilomita kwa dakika 4, akisukumwa na upepo wa kilomita 15 kwa saa, hubaki katika hewa iliyosimama: jasho linachuruzika bila kukauka, fulana inamganda, na hapo ndipo anaposaidiwa kuliko wakati wowote.

Halafu kuna muda. Upepo ule ule wa 10 ukiwa usoni, mwendo hushuka hadi 19 hivi. Kwenda kilomita 20 ukiukabili ni dakika 63; kurudi ukisukumwa ni chini ya 39. Jumla dakika 102, wakati siku tulivu ingekuwa 96. Upepo haukurudishii ulichokutoza, na zaidi ya asilimia 60 ya safari nzima umeupitisha ukipambana nao. Hayo si mawazo.

Upepo wa ubavuni nao watu huuhesabu kuwa hauna madhara. Ukienda 25 na upepo wa 25 ukikupiga ubavu kamili, hewa inayokufikia ni ya kilomita 35 hivi kwa saa, na ukinzani wa kukurudisha nyuma huongezeka kwa takriban asilimia 40. Upepo wa nguvu hiyo huanza kusaidia pale tu unapotoka nyuma kidogo ya ubavu. Kwa hiyo pande zinazokuumiza ni nyingi kuliko zinazokusaidia.

Ndiyo maana naona kasi ya wastani ni kipimo kibovu cha mazoezi. Mkenya Geoffrey Mutai alikimbia marathoni ya Boston mwaka 2011 kwa saa 2:03:02, haraka kuliko rekodi ya dunia ya wakati ule, 2:03:59. Haikuhesabiwa kuwa rekodi, kwa kuwa njia ile inateremka na mwisho wake uko mbali mno na mwanzo, na siku ile upepo ulikuwa mgongoni. Kama wasimamizi wa riadha wanajihadhari hivyo, kwa nini wewe ujilaumu kwa dakika 6 za upepo? Pima kwa mapigo ya moyo au kwa pumzi.

Pwani yetu upepo una ratiba, na wengi wanaipuuza. Alfajiri huwa shwari. Kufikia saa 4 au 5 asubuhi upepo wa bahari umeamka. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo wakati wa kusi husukumwa akiwa na nguvu, kisha hurudi amechoka akiukabili upepo uliokwisha kuzidi. Msimu huo anzia upande wa Kigamboni na Kimbiji, urudi ukisukumwa. Kaskazi ikiingia, geuza. Utabiri wa hali ya hewa nao hutoa kasi ya upepo kwenye kimo cha mita 10. Kwenye kimo cha mpanda baiskeli, kati ya miti na nyumba, kasi hiyo huwa pungufu sana, ila kwenye daraja au uwanda wa chumvi utaupata karibu wote.

Ukishakuwa ndani ya upepo, shusha gia mapema, miguu izunguke mara 80 hadi 90 kwa dakika, kunja viwiko, na funga zipu: koti la kuakisi linalopepea huvuta kama tanga. Kaa nyuma ya mwenzako, nusu mita hadi mita moja kama mnaaminiana. Upepo ukitoka kulia, kaa nyuma yake kwa kushoto, si mgongoni kwake. Wakimbiaji wasidhani hili haliwahusu: Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40 akiwa na wadhibiti kasi watano mbele kwa umbo la V, uwazi ukitazama mbele, na wawili nyuma.

Na kama siku ni shwari lakini bado unahisi unavutwa, simama, inua gurudumu, lizungushe kwa mkono. Likisimama haraka, huenda breki inagusa rimu. Kisha bonyeza tairi.