Mpiga kura wa Nyamagana hayuko katikati

Mwaka 2010 wapiga kura wa Nyamagana walimwangusha Lawrence Masha, Waziri wa Mambo ya Ndani, wakampa ubunge Ezekia Wenje wa CHADEMA. Jirani zao wa Ilemela nao wakamchagua Highness Kiwia wa chama hichohicho. Miaka mitano baadaye majimbo yote mawili yakarudi CCM. Kwa hiyo wapo watu wengi hapa Mwanza ambao kura yao inahama, na kila kampeni inapokaribia swali lilelile hurudi kwenye vikao vya wagombea: tuwafuate hawa kwa kulegeza msimamo, au tusimame tulipo waje wenyewe?

Wanaotaka kulegeza wana hesabu yao. Mchumi Mmarekani Anthony Downs aliieleza mwaka 1957: vyama viwili vikishindana, wafuasi sugu wa kila upande hawana pengine pa kwenda, hivyo kura ya kugombewa ni ya aliye katikati, na mgombea mwerevu husogea kwake. Kwetu hesabu hiyo ilijaribiwa 2015. Mwaka 2010 Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA, kwa lugha kali dhidi ya ufisadi, alikuwa amepata takriban asilimia 27 ya kura za urais. Safari iliyofuata CHADEMA na wenzake wa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, wakamsimamisha Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyetoka CCM miezi michache kabla ya kura, mtu ambaye mfanyabiashara au mtumishi wa serikali hakuwa na sababu ya kumwogopa. Akapata karibu asilimia 40. Tangu uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi mwaka 1995, hakuna mgombea urais wa upinzani aliyekuwa amefika hapo. Anayesema kulegeza hakulipi lazima aijibu namba hiyo.

Bei yake nayo ilikuwa kubwa. CHADEMA kilikuwa kimemtaja Lowassa katika orodha yake ya mafisadi mwaka 2007, na mwaka 2008 alijiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Kumpokea kulimaanisha kuiweka kando hoja iliyokijenga chama. Slaa akaondoka kwenye siasa za vyama. Na wakati upinzani ukinyamazia ufisadi, CCM ilimleta John Magufuli, mzaliwa wa Chato, aliyeahidi mahakama ya mafisadi na kusema waziwazi atakavyowashughulikia wezi wa mali ya umma. Lugha ya Slaa ikahamia kwa mgombea wa chama tawala. Sikatai kwamba wengi wa Kanda ya Ziwa walimpigia kwa sababu ni mtoto wa nyumbani. Lakini huwezi kusema walivutwa na upole wake, maana upole hakuwa nao. Kati ya wagombea wawili wakubwa wa mwaka ule, kura iliyohama Mwanza ilimfuata mwenye maneno makali.

Hapo ndipo naona hesabu ya Downs inapotupotosha. Inamfikiria mpiga kura asiye na chama kama mtu aliyekaa katikati ya pande mbili, akipima nani amemkaribia. Wa kwetu hakai hivyo. Mwaka 2010 waliojitokeza nchi nzima hawakufika asilimia 43 ya walioandikishwa. Mwaka 2015 walikuwa kama asilimia 67. Umati huo uliobaki nyumbani safari moja na kutoka safari nyingine ni mkubwa kuliko kundi lolote la watu wa kati unaloweza kulitafuta. Anayeuza dagaa Kirumba au anayepanga mitumba Makoroboi hana maoni ya katikati kuhusu ushuru au kuhusu kuhamishwa na mgambo. Ana maoni makali sana. Asichokuwa nacho ni imani kwamba yupo mgombea atakayeyasimamia baada ya kuapishwa. Ukimwendea mtu huyo na maneno yaliyopunguzwa makali, umempa sababu nyingine ya kubaki nyumbani.

Sheria zetu nazo hazimlazimishi mgombea kutafuta kura za mbali. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2000, anayeongoza kwa kura ndiye rais, hata kama hakufika nusu. Wakenya wanadai nusu ya kura na zaidi, pamoja na robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24, na ndiyo maana mgombea wa Kisumu hawezi kuishi kwa kura za Kisumu peke yake. Zaidi ya hapo, kwetu hakuna mgombea binafsi. Mbunge akifukuzwa chama amepoteza na kiti. Anayetaka kusogea kidogo kutoka kwenye ilani ya chama chake, kwa nia njema kabisa, anafanya hivyo kwa hatari yake.

Hata hivyo sitaki kuwatukuza wanaokaza kila kitu. Kuna mambo ambayo msimamo mkali ni uongo tu uliopambwa, na mfano mzuri uko majini.

Mwaka 2018 operesheni dhidi ya uvuvi haramu ilipita ziwani, nyavu zikachomwa, faini zikatozwa, na hasira ilibaki kwenye mialo mingi, kule wavuvi wanakoshushia samaki. Mgombea anayekuja mwaloni akiahidi kwamba hakuna wavu utakaochomwa tena atashangiliwa. Akienda mjini kwa wenye viwanda vya minofu akaahidi kulinda sangara wachanga, atashangiliwa pia. Ahadi hizo mbili haziwezi kutimizwa na mtu mmoja, kwa sababu kokoro na nyavu za timba, zana zilizopigwa marufuku, ndizo zinazowazoa sangara wasiofika sentimita 50. Uganda wameshalipa gharama hiyo. Kuelekea uchaguzi wa Februari 2016, Rais Museveni alisimamisha usimamizi wa uvuvi uliokuwa ukilalamikiwa na wavuvi. Kura zikapita, na mwaka 2017 jeshi likaingia ziwani. Mvuvi aliyebembelezwa ndiye aliyekuja kupambana na askari.

Katika jambo kama hilo naunga mkono kulegeza, tena kwa moyo wote: sheria ibaki, adhabu zipunguzwe, mvuvi apewe muda na mkopo wa kubadili zana kabla ya wavu wake kuchomwa. Huo ni msimamo wa kati, na una mantiki kwa sababu samaki ndivyo wanavyotaka. Sharti langu ni kwamba usemwe kwa maneno yaleyale mwaloni na kiwandani.

Kuna kulegeza kwa aina nyingine ambako mara nyingi tunakuchanganya na huku. Januari 2023, baada ya marufuku ya mikutano ya hadhara kuondolewa, CHADEMA kilirudi jukwaani hapa Mwanza, viwanja vya Furahisha, kikiongozwa na Freeman Mbowe aliyekuwa kwenye mazungumzo ya maridhiano na serikali. Jukwaa lenyewe lilikuwa tunda la upole huo, na si haki kulisahau. Lakini uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 ulipofika, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa. Miezi miwili baadaye wajumbe wa CHADEMA walimchagua Tundu Lissu kuwa mwenyekiti badala ya Mbowe, kwa kura 513 dhidi ya 482. Oktoba 29, 2025 chama hicho hakikuwemo kwenye karatasi ya kura, na Lissu alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini.

Wengi husema mkasa huo unathibitisha kwamba ukali umeshindwa, wengine kwamba upole ulishindwa kwanza. Naona pande zote mbili zinabishana juu ya namna ya kuzungumza na mtawala, wakati swali letu linamhusu mpiga kura. Kumlegezea mpiga kura kuna maana pale tu anapoweza kukukubali au kukukataa kwenye sanduku. Mkazi wa Nyamagana aliyetaka kupima ukali wa CHADEMA mwaka 2025 hakupewa nafasi hiyo. Kwa hiyo kwa atakayegombea hapa mwaka 2030, kutoka chama chochote, dai la kwanza ambalo sitaki alegeze ni majina ya washindani wake kubaki kwenye karatasi. Kuhusu nyavu, ushuru na machinga, aje tukae tupatane.