Mshenga na Spacio Yake

Baba mdogo alipoombwa awe mshenga wetu kwenda kumposea mdogo wangu Tukuyu, alikubali kwa sharti moja: twende na gari lake, Toyota Spacio. Ilikuwa imetoka gereji Mwanjelwa, injini imefunguliwa yote. Ringi za pistoni mpya, gasketi mpya, sili za valvu mpya. Alitaka wakwe waisikie.

Hizo sili, vipete vya mpira vinavyozuia oili isipite kwenye valvu ikaungua ndani ya injini, nilikuwepo zikinunuliwa. Spacio yake ni new model, injini ya 1NZ, stemu za valvu zake, yaani ile miti yake myembamba, milimita 5. Kijana wa dukani akatoa pakiti ya old model, ya injini ya 4A, ambayo stemu zake ni milimita 6. Nikaivisha moja kwenye valvu tuliyokwenda nayo. Ikateleza yenyewe mpaka chini, kama pete ya babu kwenye kidole changu. Sili inayofaa haishuki hivyo. Hata ukiipaka oili lazima uisukume, maana mdomo wake unaing'ang'ania stemu.

"Baba mdogo, hii inapwaya."

"Spacio ni Spacio, mheshimiwa," kijana akamwambia yeye, si mimi. Baba mdogo akiitwa mheshimiwa huwa haulizi tena. Akalipa. Fundi naye akasema zitabana zikipata moto. Mpira huo!

Kutoka Uyole tukapanda vizuri tu hadi Isongole, baba mdogo anapiga mluzi. Kuanza kushuka kwenda Kiwira akaweka gia ya 2 kuokoa breki, mguu ukatoka kwenye mafuta. Hapo ndipo injini hunyonya kwa nguvu, na kama sili zimelegea, kinachonyonywa ni oili. Inajikusanya kimyakimya. Tulipofika chini akakanyaga mafuta.

Simu yangu ikaita. Shangazi, yuko kwenye Noah nyuma yetu.

"Mko wapi? Hatuwaoni!"

"Tuko mbele yenu, shangazi."

"Mbele wapi? Mbele kuna wingu la bluu!"

Nyumba ya wakwe iko bondeni katikati ya migomba, kwa hiyo mteremko mwingine, na mwisho wake resi kidogo ya kuingilia uani. Kuku walitawanyika. Bibi mmoja akatoka na khanga puani akauliza kama tumekuja kuposa au kupuliza dawa ya mbu. Wenyeji wetu walikuwa wameshatuandalia faini ya kuchelewa. Wakakaa kikao kifupi, wakaongeza faini ya moshi. Baba mdogo akalipa zote mbili huku anakohoa.

Mjomba wa binti, kumbe ni fundi wa malori, akafungua boneti kabla hata ya kutukaribisha ndani.

"Mlipokuwa mnapanda ilitoa moshi?"

"Hapana, mkwe."

"Basi ringi nzima. Hizi ni sili." Akachomoa stiki ya oili, akaitazama, akamwonyesha baba mdogo: oili iko kwenye ncha tu. "Mlinunua za injini gani?"

"Za Spacio. Dukani walisema Spacio ni Spacio."

Mjomba akafuta mikono taratibu, akamgeukia mdogo wangu aliyekuwa ameinamisha kichwa ndani ya suti yake.

"Na huyu mliyemleta? Mmekagua wenyewe, au napo mlisema kijana ni kijana?"