Ukali wa Torvalds ulilinda nini hasa?

Desemba 2012, badiliko moja kwenye kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa kuendesha kompyuta, lilivuruga programu za sauti, na msimamizi aliyehusika akadai kosa ni la programu hizo. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux tangu 1991, akamporomoshea matusi kwa herufi kubwa, kwenye barua pepe iliyosomwa na kila mtu. Hoja yake ilikuwa moja: kerneli haivunji programu ambazo watu tayari wanazitumia.

Wanaomtetea hawakosi la kusema. Kerneli hiyo inaendesha simu za Android na kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko nyingine duniani. Mkaguzi wa mabadiliko akipitisha upuuzi kwa kumwonea mtu haya, hasara inawaangukia mamilioni ya watu wasiomjua. Tena wanahofu kwamba kanuni za maadili, za jinsi wachangiaji wanavyosemezana, zitakuwa fimbo mikononi mwa wajanja wa maneno.

Sasa ondoa matusi kwenye barua ile, usome kilichobaki. Kanuni ipo, sababu ipo. Matusi hayakuongeza kitu, ila yalifukuza watu. Mwaka 2015 mhandisi aliyeandika kiendeshi cha USB 3.0, programu inayoiwezesha kerneli kutumia vifaa vya USB, alieleza hadharani kuwa ameondoka kwa sababu ya lugha za namna hiyo. Na waliosoma majibu yale wakaghairi kutuma chochote? Hao hawahesabiki.

Septemba 2018 Torvalds mwenyewe aliomba radhi, akajiweka kando wiki kadhaa, na kanuni mpya zikapitishwa. Si za mapambo. Novemba 2024, msimamizi wa bcachefs, mfumo wa kupanga faili kwenye diski, aliyemtolea mwenzake maneno ya kudhalilisha, alizuiwa kuleta mabadiliko katika mzunguko mzima wa toleo la 6.13. Walioumia ni pamoja na watumiaji wa bcachefs, ambao hawakumtukana mtu. Hapo wapinzani wa kanuni wana hoja, nawapa.

Mimi kinachonikera zaidi ni kimya. Mgeni anatuma kiraka chake cha kwanza, yaani badiliko analopendekeza, wiki zinapita, hajibiwi. Hajatukanwa, kanuni haijavunjwa, naye harudi tena. Bora aandikiwe kavu kavu: "Hiki hakipiti, mstari huu unavunja kile, jaribu hivi." Huo ni ukali, na hauna tusi hata moja. Ila kuandika jibu kama hilo kunakula muda, na wasimamizi wengi wamelemewa. Baadhi yao wanakagua usiku, baada ya kazi inayowalipa. Kamati ya maadili, inayosimamia kanuni hizo, haiwezi kuwaongezea saa.