Mwaka mzima upo, presha mnanipima Alhamisi hii

Hivi anayepanga miadi za kliniki hapa Lexington anaishi Kentucky ipi? Alhamisi za mwaka ziko chungu nzima, mimi nimepewa ile ile ya Machi inayofungua mashindano ya kikapu ya vyuo, mechi 16 siku moja, ya kwanza inaanza saa sita na dakika zake mchana, na saa sita kamili mimi natakiwa niwe nimekaa kwenye kiti cha plastiki na njaa ya tangu jana usiku, eti damu inataka tumbo tupu. Nikapiga simu wabadilishe, nikasubirishwa na muziki mpaka nikaujua wote, yule dada akarudi akasema nafasi inayofuata ni Juni. Juni! Na bima zenyewe mnazijua.

Kazini hamna shida, bosi mwenyewe siku hiyo huwa "anaumwa".

Nafika mapokezi, tivii ipo, kubwa, inaonyesha watu wanabomoa jiko zima ili kaunta isogee. Rimoti imefichwa. Mji wenye Rupp Arena huu, uwanja wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Kentucky, watu wanavaa bluu ya timu mpaka harusini! Nikapewa fomu, inauliza kama wiki mbili zilizopita nimepungukiwa na hamu ya kufanya mambo. Nikajaza hapana, hamu ninayo tele, nyie ndo mmeiweka mahabusu.

Nikaitwa ndani. Nesi mama wa makamo, beji yake ina paka wa bluu, nembo ya timu hiyo hiyo, ananiita hani, huku kila mtu ni hani. Akanifunga ule mkanda mkononi, kasema mashine inadanganya atapima kwa kubonyeza mwenyewe, nitulie, miguu chini, nisiongee. Mimi simu iko chini ya koti nimezima sauti, timu niliyoiweka kwenye mkeka inaongoza kwa pointi mbili. Nikatulia kama bwana harusi anayepigwa picha. Halafu huyo huyo aliyenikataza kuongea ndo anaanza stori: kwani huko kwenu Afrika mnaijua basketi ya vyuo?

Hapo ndugu zangu si suala la presha tena, ni suala la taifa. Nikanyoosha mgongo. Nikamwambia dada, kwa heshima zote, mimi natoka Tanzania, nchi ya Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar, futi 7 na inchi 3, kacheza UConn, Chuo Kikuu cha Connecticut, wakafika nusu fainali 2009, na mwaka huo huo NBA wakamchukua wa pili kati ya wote. Wa pili, dada. Stephen Curry alikuwa wa saba!

Mama akanyamaza.

"UConn?"

Eeh, UConn.

Akasema taratibu, 2011, nusu fainali, 56 kwa 55. Halafu 2014, fainali kabisa, 60 kwa 54. Yani mama faili langu kalitafuta mpaka akaita mwenzake lakini vichapo Kentucky ilivyopewa na UConn anavyo kichwani, na kila akitaja namba anabonyeza kile kipira, fyu, fyu, fyu, vidole vyangu vinabadilika rangi naviona. Nikamwambia dada, Hasheem aliondoka 2009, hizo kesi mbili hazimhusu, na mimi mwenyewe miaka hiyo nilikuwa Mwananyamala nauza vocha. Hanisikii. Fyu. Simu ikatetema, nikachungulia kwa jicho moja, mkeka umechanika, timu yangu imetolewa na chuo ambacho hata waliosoma pale wanakitafuta kwenye ramani. Ndo akaachia upepo. 158 kwa 96.

"Hani, una stresi?"

Mimi nina stresi! Kodi ya nyumba imepanda, mayai yamepanda, shifti ya usiku inaningoja, sijala tangu jana, mkono umekufa ganzi, hiyo presha mmenipandishia wenyewe humu ndani halafu mnaiandika kwenye faili langu kwa jina langu!

Daktari akaingia dakika nne, punguza chumvi, tembea, epuka mambo ya kukusisimua. Nikauliza hata Machi? Akaangalia mlango, akaniuliza matokeo.

Nyumbani nikasema basi nitazame kistaarabu. Mke wangu kaweka wali mezani, nikamwambia mama watoto zimebaki dakika mbili. Hizo dakika mbili jamani! Faulo, taimauti, marefa wanaenda kuchungulia skrini, taimauti tena, wali umepoa saa inasoma dakika moja na sekunde arobaini. Na kila taimauti ni tangazo la dawa, mzee anakimbia na mbwa ufukweni anacheka huku sauti inasoma madhara yake, kichefuchefu, kizunguzungu, kifo.

Kumbe mke wangu kashatangaza presha yangu kwenye grupu la familia. Mechi ya mwisho inaisha huku usiku wa manane, Tanga ni saa moja asubuhi, mama mkwe huyo hewani. Shikamoo mama. Marahaba, kitunguu saumu unakula? Mjomba wa Morogoro yeye katuma voisi ya dakika saba kuhusu juisi ya rosela, nikasema niisikilize kwenye taimauti, taimauti mbili zimepita bado anachambua maua, na huko mwishoni kabisa, dakika ya sita na nusu, ndo anaitaja ile hela ya pampu ya shamba.