Insha za Simon Leys: msinambie niruke zile za siasa

Kuna ushauri nausikia sana kuhusu The Hall of Uselessness, kitabu cha insha za Simon Leys kuhusu China na mengineyo, kwamba zile insha za kaligrafia (sanaa ya mwandiko wa brashi) na Confucius ni tamu ila za siasa zirukwe tu kwa kuwa mambo ya Mao, aliyeitawala China, yameshapita. Mi nakataa kabisa. Ukiziondoa zile za siasa, umekitoa kitabu roho.

Simon Leys ni jina la kuandikia tu, mwenyewe alikuwa anaitwa Pierre Ryckmans, Mbelgiji, kazaliwa Brussels 1935. Wasomaji wa Kongo na Burundi hilo jina mtalishtukia, maana ndugu wa baba yake mwenye jina hilohilo ndo alikuwa gavana mkuu wa Kongo ya Wabelgiji kuanzia 1934 mpaka 1946. Huyu wetu yeye 1955 alienda China na msafara wa wanafunzi, wakaonana mpaka na waziri mkuu Zhou Enlai, na safari hiyo ndo ikamtia hamu ya kujifunza Kichina. Akasomea Taiwan, akapitia Singapore, miaka ya sitini akawa Hong Kong, akiishi kwenye kibanda huko Kowloon katikati ya wakimbizi waliotoka China bara, yeye na vijana wenzake wanasoma na kubishana usiku kucha, na kibanda chenyewe wakakiita Ukumbi wa Yasiyofaa Kitu. Jina la kitabu limetoka hapo.

Sasa angalia siasa ilivyoingia. Hakuifuata, ilimfuata mlangoni. Mapinduzi ya Utamaduni ya Mao yanawaka upande wa pili wa mpaka, 1968 maiti zinaelea kwenye mto Pearl mpaka zinafika Hong Kong, na yeye kila siku anasoma magazeti ya China yenyewe, kwa Kichina, na anaongea na watu waliokimbia. Halafu anafungua maandishi yanayotoka Paris anakuta wasomi wakubwa wanayasifia mapinduzi hayohayo. 1971 akatoa kitabu chake cha kwanza kumkosoa Mao, na lile jina la bandia akalitumia ili asijifungie njia ya kurudi China, akatukanwa sana Ufaransa. Mwaka uliofuata akaenda Beijing kufanya kazi ubalozi wa Ubelgiji, miezi sita hivi, na kuna kitu alichokifanya huko ambacho kwangu kinamweleza mtu mzima mzima: alizunguka kutafuta malango makubwa ya mji, lango baada ya lango, anafika pale lango lilipokuwa anakuta barabara tupu, yaani walishavunja. Mtu asiyependa China angejuaje hata cha kutafuta? Ndo maana nasema zile hasira zake ni za mtu aliyeibiwa kitu anachokipenda, huwezi kuzitenganisha na zile insha za mashairi.

Insha ninayoirudia kila mara ni ile ya Wachina na mambo ya kale. Anauliza inakuwaje taifa linaloheshimu wazee wao kiasi kile likawa na majengo ya kale machache namna ile, na jibu lake ni kwamba Wachina hawakuweka umilele kwenye mawe, waliuweka kwenye maandishi. Mfano wake mkubwa ni dibaji ya Banda la Orkidi ya Wang Xizhi, mwaka 353, kaligrafia maarufu kuliko zote, ambayo inasemekana mfalme Taizong aliipenda mpaka akazikwa nayo, kwa hiyo kinachosomwa leo ni nakala, na nakala za nakala, na bado zimewafundisha waandishi wa brashi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Nikiisoma nakumbuka Pate, huko tumebakiwa na magofu, lakini Utendi wa Tambuka wa 1728 tunao kwa sababu watu walikaa wakanakili kwa mkono.

Halafu ipo ile ya padri László Ladány, Mjesuiti wa Hungaria aliyekaa Hong Kong miaka mingi akichambua magazeti na redio za serikali ya China, sentensi kwa sentensi, mpaka anajua nani kashushwa na wapi kuna njaa. Leys anasema kusoma yale maandishi ni kama kumeza vumbi la mbao kwa ndoo. Lakini mtu akimeza, anajua. Nadhani hii ndo insha ambayo waandishi wa habari wetu wanaokwenda China kwa ziara za kualikwa, hoteli nzuri, kiwandani, picha ya pamoja, wangepaswa kuisoma kabla ya kupanda ndege, na wasiishie kwenye ziara, wajifunze Kichina chenyewe. Vijana wanaosoma Kichina pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wapo, wengi wanalenga ukalimani wa biashara na sio vibaya, ila natamani wachache kati yao watuandikie insha kama hizi, kwa Kiswahili.

Sikubaliani naye kila mahali. Insha yake dhidi ya Edward Said, msomi Mpalestina aliyesema elimu ya Wazungu kuhusu nchi za Mashariki ilienda pamoja na ukoloni, naiona ni ya dharau na imepita pembeni, anajibu kana kwamba Said kawatukana wasomi waliosoma lugha kwa moyo, wakati swali la Said ni nani aliyekuwa anatawala wakati hizo lugha zinasomwa. Kwa mtu ambaye ukoo wake ulitoa gavana wa Kongo, mi nilitegemea akae na hilo swali muda mrefu zaidi. Hapo kaniangusha kweli.

Ukikipata kitabu, anza na ile ya Wachina na mambo ya kale, halafu ya Ladány palepale bila kupumzika, halafu ya Liu Xiaobo, mhakiki wa fasihi aliyepewa Nobel ya amani 2010 akiwa gerezani. Zisome kwa mpangilio huo halafu uje uniambie ipi ni ya siasa na ipi ni ya utamaduni.