Wa kuambiwa tunao, wa kunyamaza hatuna

Usiku wangu wa kwanza baada ya kurudi Nairobi nililazwa kwenye kochi la dada yangu, mtaa wa Umoja. Saa nane usiku mlango wa roshani ukalia. Mpwa wangu, kidato cha tatu, yuko nje na sweta ya shule, anakula mkate mkavu gizani. "Mjomba, hulali?" akaniuliza, utadhani mimi ndiye niliyefumaniwa.

Tulikaa hadi matatu za kwanza zikaanza kupiga honi. Katika yote aliyosema ameniruhusu niandike moja tu, ambalo hata mama yake analijua. Mwaka jana alimwendea mwalimu wa ushauri nasaha shuleni, akamweleza kwamba usiku moyo humwenda mbio na usingizi hauji. Siku mbili baadaye bweni zima lilikuwa likimwita Mathare. Hospitali ya Mathari, ya wagonjwa wa akili, ipo tangu 1910, na sisi watu wa Nairobi jina lake tunarushiana kama tusi tangu chekechea.

Mwalimu yuleyule, kumbe, huketi kwenye kamati ya nidhamu. Leo anakusikiliza, kesho anaamua urudishwe nyumbani ukamlete mzazi. Nani atafungua moyo hapo?

Huu ni mwaka wangu wa kumi na tatu Coventry, Uingereza, na nisingejua kwamba ushauri nasaha unaweza kuwa tofauti na huo kama binti yangu asingeugua. Alikuwa na miaka 14. Aliacha kula asubuhi, akawa anakaa mezani na kofia ya sweta imemfunika hadi machoni. Mimi nikafanya vile baba alivyonifanyia: nikamwambia ajikaze kisabuni. Nilimwambia kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza haina hata maana. Muuguzi wa shule ndiye aliyenipigia simu.

Wanaotuma picha za theluji hawasemi hili: huduma ni ya bure, lakini tulingoja miezi saba. Foleni ya Huduma Centre, kule Kenya tunakofuata vitambulisho, ni cha mtoto.

Zamu yetu ilipofika, mshauri, mama wa makamo, alitukalisha wote wawili akasema mbele yangu: atakayoyasema humu yatabaki humu, isipokuwa nikiona maisha yake yako hatarini au kuna mtu anamdhuru. Kisha akaniomba nitoke. Mimi, ninayelipa kodi ya nyumba! Nilikaa kwenye korido dakika hamsini nimenuna kama mtoto aliyenyimwa andazi.

Kilichofanyika humo ndani nilikiona mara moja tu, kwenye karatasi aliyoisahau jikoni. (Naye ameniruhusu.) Juu kabisa aliandika wazo lenyewe: kila mtu darasani ananicheka. Unaliamini kwa kiasi gani kati ya 100? 90. Una ushahidi gani? Halafu kazi ya wiki: uliza swali moja darasani, hesabu wanaocheka. Chini yake, kwa kalamu ya zambarau: "Wawili. Na mmoja alikuwa anacheka simu yake."

Hakuna uganga hapo. Hofu hunenepa kila unapoikwepa, kwa hiyo mtoto anasaidiwa kuisogelea hatua kwa hatua, ajionee mwenyewe ukubwa wake. Ila kazi hiyo haianzi kabla wazo la kwanza, lile la aibu, halijatamkwa. Na halitamkwi mbele ya mtu atakayelitembeza.

Ndiyo maana hoja ya "hayo ni mambo ya wazungu, sisi tuna jamii" inanichosha. Kweli jamii tunayo. Kule Coventry jirani yangu simjui hata jina, na binti yangu hana nyanya wa kumkimbilia. Mpwa wangu ana nyanya, binamu, mchungaji, muuza duka. Lakini mwambie mchungaji, Jumapili utasikia unaombewa kwa jina. Mwambie shangazi, kabla ya jioni liko kwenye kundi la WhatsApp la familia. Hata sheria ilitisha: hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, aliyejaribu kujiua angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Mtoto mwenye wazo kama hilo angemwambia nani?

Wazee wetu walilijua hili. Pwani, msichana akivunja ungo alikabidhiwa somo, yaani mwanamke wa kumfunda, wala si mama yake, kwa sababu yapo yasiyosemeka kwa mama.

Dada aliulizia mwanasaikolojia wa kibinafsi, akatajiwa Sh4,000 kwa saa. Kila wiki, kwa mwezi hiyo ni kodi ya nyumba, naye anauza mitumba soko la Gikomba. Simlaumu kwa kuacha. Kinachonipa moyo ni Shamiri, shirika lililoanzishwa na Tom Osborn: vijana waliomaliza sekondari juzi tu wanapewa mafunzo, kisha wanakaa na vikundi vya wanafunzi, saa moja kwa wiki, wiki nne. Katika utafiti wao uliochapishwa 2021, wenye wanafunzi 413, waliopitia vikao hivyo walipata nafuu ya unyogovu na wasiwasi kuliko wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Aliyezidiwa bado anahitaji daktari, hilo sibishani nalo. Lakini wengi hawajafika huko. Na kumwondoa mwalimu wa ushauri kwenye kamati ya nidhamu hakugharimu hata ndururu.

Asubuhi ile dada alinimiminia chai, akautazama mfuko wa mkate uliobaki vipande viwili.

"Mlikuwa mnaongea nini nyinyi wawili usiku?"

"Arsenal," nikasema.

"Saa nane usiku?"

"Wanacheza vibaya, mama," mpwa wangu akadakia, macho kwenye kikombe.